Aliyejibu Saba

Mdogo wangu alikuwa mwanajeshi, na haya yalimpata yeye. Nayasimulia mimi dada yake kwa sababu yeye akianza hufika katikati, akanyamaza na kubaki anatazama ukuta. Nayasimulia pia kwa sababu bado nina hasira. Watu wananiambia nisamehe. Nitasamehe siku nitakayoombwa msamaha, na hadi leo hajatokea mtu wa kuniomba.

Ilianza siku ya kawaida kabisa, Jumatatu, jua linawaka. Nilikuwa kwenye chumba cha ushonaji pale kambini, kwenye kazi yangu ya miaka kumi na moja: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kushona vyeo mabegani. Wakaniletea furushi la majaketi mapya. Askari wetu walikuwa wanapelekwa kozi ya mlima, wakajifunze kutembea, kulala na kupigana kwenye baridi na theluji, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Huko juu hutembea saba saba, wamefungwa kwenye kamba moja viunoni, ili mmoja akiteleza wenzake wamshike. Kazi yangu ilikuwa kushona namba kubwa mgongoni mwa kila jaketi, moja hadi saba.

Nilipoingiza mkono ndani ya jaketi la kwanza, nilijua. Yalikuwa majaketi ya mvua. Bitana yake ilikuwa nyepesi kama ya mfuko wa suruali. Nikalibeba moja hadi ofisini kwa Meja, mkuu wa mafunzo, nikalitandaza juu ya meza yake.

"Afande, haya ni ya mvua. Wanakokwenda kuna theluji."

"Wewe umewahi kufika huko?"

"Sijafika, afande."

"Basi kashone."

Nikaenda kushona. Baadaye nilikuja kujua kwamba na yeye hajawahi kufika huko. Alikuwa amepanga kozi nzima akiwa kwenye kiti, feni ikimpuliza.

Uzi wa kijani uliniishia kwenye namba ya mwisho, kwa hiyo saba niliishona kwa uzi mwekundu. Mwenye jaketi lile alipokuja kulichukua akacheka, akasema sasa hata adui atamjua kwa jina. Alikuwa rafiki wa mdogo wangu tangu wakiwa kuruta, kijana mrefu, mtoto wa pekee wa mama yake, mpenda sukari kuliko nyuki. Chai yake ilikuwa vijiko vitatu, na mdogo wangu alikuwa akimwambia kwamba kwa chai ile angeweza kugundisha soli ya buti. Kwenye kamba mdogo wangu alipangiwa namba sita, na rafiki yake saba, mwisho kabisa. Kuanzia siku ile kila mtu aliwaita Sita na Saba, na mimi huyo rafiki nitamwita Saba tu.

Kuna jambo moja la hao wawili ambalo lazima mlijue. Walikuwa wakijibiana. Asubuhi majina yakiitwa, mmoja akiwa bado anafunga kamba za viatu bwenini, mwenzake hubadilisha sauti na kuitika mara mbili. Askari wote hufanya hivyo, na sijawahi kusikia aliyekufa kwa ajili yake. Ni utani wa kambini, na ni wema pia.

Sasa Saba alipanda mlima akiwa na kikohozi. Siku mbili kabla ya safari ya kileleni, pale kambi ya chini ya mlima, sauti ilikuwa imemkauka. Akaomba abaki. Meja alikuwa amefika kwa gari kukagua, akamwambia mbele ya wenzake wote kwamba hicho ni kikohozi cha uvivu. Kisha akapanda gari lake, akawasha kifaa cha joto, akateremka zake.

Waliondoka alfajiri. Mbele kulikuwa na Mkufunzi, ambaye ndiye aliyekuwa namba moja, na nyuma yake wengine sita. Sheria ya shule yao ya mlima ilikuwa hii: ukungu ukishuka, kila dakika kumi Mkufunzi anapaza sauti, "Hesabu," na kila mtu anataja namba yake, kuanzia mbele hadi nyuma. Hesabu ikitimia, safari inaendelea, na ni marufuku kugeuka nyuma, maana anayegeuka kwenye njia nyembamba huweza kuivuta kamba nzima korongoni. Waliikariri sheria ile mpaka wakawa wanaitamka usingizini.

Ukungu ulishuka saa nne asubuhi. Kabla hawajaingia kwenye njia nyembamba, Saba alimgusa mdogo wangu begani. Akajionyesha koo, akatikisa kichwa. Akamwelekezea kidole kinywani. Mdogo wangu alielewa. Nijibie.

"Hesabu."

Moja, mbili, tatu, nne, tano. "Sita," akasema mdogo wangu. Akaipasua sauti kidogo, akasema tena, "Saba."

Ikatimia. Wakaendelea.

Hesabu ya pili, akajibu zote mbili. Hesabu ya tatu, hivyo hivyo. Njia ilikuwa upana wa buti moja na nusu. Kushoto ukuta wa barafu, kulia ukungu mtupu. Vidole hakuvisikia tena. Aliisikia kamba tu, imekaza nyuma yake kiunoni, na hilo lilimpa moyo.

"Hesabu."

Tano. "Sita." Akavuta pumzi ili ajibu ya pili.

"Saba."

Hakuwa yeye. Ilitoka nyuma, karibu na sikio lake. Ilikuwa sauti ya rafiki yake, lakini safi. Haikuwa na mkwaruzo wala kikohozi. Mdogo wangu alifurahi, ndivyo alivyoniambia, na hapo ndipo anaponyamaza na kutazama ukuta. Alifurahi kwamba mwenzake amepona. Hakugeuka.

Kuanzia hapo hakumjibia tena. Kila hesabu, sauti ile ilijibu yenyewe. Ilijibu haraka. Mara ya mwisho ilijibu kabla yeye hajamaliza kusema sita.

Walifika kibanda cha juu saa tisa alasiri. Walivua kamba viunoni pale mlangoni, kila mtu akihangaika na fundo lake kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mdogo wangu aliona kitanzi cha mwisho kimelala chini. Fundo lilikuwa zima, halijafunguliwa, na ndani yake hakuna mtu. Akajiambia Saba amejichomoa, ameenda kukojoa.

Ndani kulikuwa na giza la ukungu na moshi wa jiko. Wote walikuwa na kofia za majaketi vichwani, wamejikunyata kwenye benchi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Vikombe vya kibanda kile ni vya bati, vimepakwa namba kwa rangi nyeupe ili kila mtu ajue chake. Mdogo wangu ndiye aliyemimina chai. Kikombe cha saba alikitia vijiko vitatu, akakipitisha kwa aliyekaa mwisho wa benchi bila kuinua macho. Glovu ikakipokea. Glovu ile ilikuwa imeganda hivi kwamba ilipogusa kikombe ilitoa mlio wa mfupa.

"Pole kwa koo," akamwambia.

Mtu yule akakikumbatia kikombe kifuani.

Mkufunzi aliandika kwenye kitabu cha kibanda: wote saba wamefika salama. Asubuhi kitanda cha mwisho kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limelowa chepechepe, kuanzia kichwani hadi miguuni, na kikombe namba saba hakikuonekana. Walizunguka kibanda wakiita. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na haikuwa na unyayo hata mmoja.

Meja alipopewa taarifa kwa redio, kitu cha kwanza alichouliza ni kilichoandikwa kitabuni. Akasomewa. Akasema basi mambo ni rahisi: askari amefika salama, kisha ameondoka kwa miguu yake mwenyewe. Ni mtoro. Na mtoro hatafutwi mlimani, anasubiriwa kwao. Wakateremka bila kumtafuta, na barua ikapelekwa kwa mama yake, mistari minne, ikimwonya kwamba kumficha mtoro ni kosa.

Mama yule alinijia kwenye chumba cha ushonaji akiwa na barua mkononi. Hakulia. Aliniuliza kama ni mimi niliyeshona namba ile ya uzi mwekundu, maana mwanawe alimsimulia kwenye simu. Nikamwambia ni mimi.

"Jaketi lilikuwa zito?" akauliza.

Nilimvutia kiti, naye akakaa akitazama cherehani yangu mpaka saa ya kufunga.

Mdogo wangu alipewa ruhusa ya ugonjwa akaja kukaa kwangu. Alikuwa hali, haogi, anakaa na blanketi begani wakati sisi wengine tunajipepea kwa magazeti. Alinieleza yote siku ya tatu, na nitasema ukweli, nilimkasirikia yeye kwanza. Nilimwambia kama angesema ukweli asubuhi ile pale kibandani, kwamba hesabu tatu zilikuwa za uongo, wangerudi kwenye njia nyembamba kumtafuta mwenzake. Akasema aliogopa. Meja alikuwa amekwisha kutangaza kwamba atakayebainika kumjibia mwenzake mlimani atakwenda jela ya kijeshi. Nikamuuliza kama jela ni mbaya kuliko mama yule. Alijifunika blanketi mpaka kichwani.

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa sebuleni nashona pazia la jirani, na yeye amelala chumbani, mlango wazi. Nikamsikia anaota. "Sita," akasema, kwa ile sauti yao ya kijeshi.

Nikaendelea kushona.

"Saba."

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Sauti haikutoka kitandani. Ilitoka sakafuni, upande wa miguuni mwake. Nilisimama, nikaenda. Mdogo wangu alikuwa amelala, midomo imefungwa. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira juani. Ndani ya chumba kile nilitoa pumzi nikaiona ikitoka mdomoni mwangu, nyeupe. Kioo cha dirisha kilikuwa na utando wa barafu kwa ndani. Nikaugusa. Ukayeyuka chini ya kidole changu.

Sikumwamsha. Nilirudi sebuleni nikakaa na lile pazia mapajani mpaka jioni.

Meja alikuja Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, na dereva wake. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa, akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba askari namba sita alimwona kwa macho yake askari namba saba akinywa chai na kulala kibandani. Ilikosa sahihi tu.

"Weka sahihi hapa, kijana, tufunge jambo hili," akasema. "Mama wa mtoro keshaanza kupeleka malalamiko juu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama na blanketi lake. Alinitazama. Nilijua anachopima. Akiweka sahihi, rafiki yake atabaki mtoro milele, na hakuna atakayepanda mlima kumtafuta. Asipoweka, itabidi aeleze kwa nini, na jela inamngoja.

"Afande," nikasema, "wewe ulimwona akinywa?"

"Fundi, haya si mambo ya cherehani."

Miaka kumi na moja nimemshonea mtu yule vyeo vyake. Nikamwambia majaketi yalikuwa ya mvua, nilimwambia, akanijibu nikashone. Nikamwambia kijana aliomba abaki, akamwita mvivu mbele za watu. Nikamwambia hata mbwa wa kambi akipotea hutafutwa. Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Meja alitabasamu, akachukua kalamu, akamnyooshea mdogo wangu.

Sijui nini kilinituma. Nilimgeukia mdogo wangu nikasema, "Taja namba yako."

Alitikisa kichwa.

"Itaje."

"Sita," akanong'ona.

Meja akaanza kucheka.

"Saba."

Ilitoka nyuma ya kiti cha Meja. Sauti safi ya kijana. Meja aligeuka. Hakukuwa na kitu, ni ukuta tu na kalenda. Chai niliyokuwa nimemwekea dereva ilifanya ukoko mweupe juu, mbele ya macho yetu. Kisha kiti kikaanza kusogea. Kilisogea taratibu, na Meja juu yake, kikivutwa kuelekea mlangoni. Alishika meza. Meza ikaja naye. Kiunoni mwake shati lilikuwa limejikunja na kubana pande zote, kama amefungwa kamba, na kamba haikuwepo.

"Niachie," akasema. Alikuwa ananiambia mimi.

"Mimi sikushiki, afande," nikamjibu.

Hapo mdogo wangu ndiye aliyefungua kinywa. Alidondosha blanketi, akasimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu ateremke mlimani nikaisikia sauti yake halisi. "Hesabu tatu nilijibu mimi. Kuanzia ya nne sikujibu mimi. Alipotea kwenye njia nyembamba, kati ya hesabu ya kwanza na ya nne. Andikeni hivyo, nitaweka sahihi."

Kiti kikasimama. Shati likalegea.

Meja aliandika agizo la kutafuta pale pale mezani kwangu. Watu wakaja kumsifu baadaye kwamba alikuwa na moyo wa utu. Nilikuwepo. Alikuwa amejikojolea.

Walimpata siku ya tano ya kutafuta, wiki tatu na ushee tangu apotee. Alikuwa kwenye ufa wa barafu chini ya njia nyembamba, urefu wa ghorofa mbili tu. Mdogo wangu alikuwa kwenye kikosi kile kama mtu wa kuonyesha mahali, chini ya ulinzi. Aliona uzi mwekundu kabla ya wengine wote. Saba alikuwa amekaa, mgongo ukutani, mguu mmoja umevunjika. Daktari wa jeshi aliandika kwamba hakufa kwa kuanguka. Aliishi siku moja, pengine mbili, ameketi pale na jaketi langu la mvua, hana sauti ya kuita. Njia waliyopita wenzake wakiteremka ilikuwa juu ya kichwa chake.

Nimeyasoma maneno yale ya daktari kwa macho yangu. Siku mbili. Ghorofa mbili. Nikiyakumbuka nashindwa kukaa.

Alikuwa ameshika kitu kwa mikono yote miwili, amekikumbatia kifuani, na glovu zilikuwa zimegandia hapo. Mochwari iliwabidi wangoje barafu iyeyuke. Kilikuwa kikombe cha bati chenye namba saba kwa rangi nyeupe. Kibanda cha juu kipo mwendo wa saa nne kutoka kwenye ule ufa, na Saba hakufika huko. Ndani ya kikombe kulikuwa na chai iliyoganda, kimebakiza robo.

Mdogo wangu alifungwa siku ishirini na nane, kisha akafukuzwa jeshini. Siku hizi anachomelea mageti. Mkufunzi aliacha kazi mwenyewe. Meja alihamishwa kwenda makao makuu, kwenye ofisi kubwa zaidi, na mwaka uliofuata nikaletewa magwanda yake nimshonee cheo kipya. Niliyarudisha bila kuyagusa, nikafungasha mkasi wangu nikaondoka. Mimi sishoni tena kambini.

Mama yake Saba alipewa bendera iliyokunjwa vizuri. Akaikataa. Alisema anataka kikombe tu, wakampa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia. Ni mwezi wa joto, lami inanata kwenye ndala. Kikombe kilikuwa juu ya rafu, karibu na dirisha. Alikishusha kwa mikono miwili akanipa nikishike, nacho kilikuwa baridi mpaka kiliniuma viganja.

"Mimi hukiosha kila siku nikishamaliza vyombo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nakipangusa, nakifudikiza. Nikiamka nakikuta hivi."

Kilikuwa kimesimama wima, na ndani yake kulikuwa na chai iliyobaki robo, na kipande cha barafu kikielea. Niliionja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa na sukari vijiko vitatu.